Umehamia Linux? Programu za bure za kuanzia

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4 GB. Windows 10 ilipokwisha muda wake, kijana wangu akanitilia Linux Mint 22, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nikashusha VLC, programu ya video, mtandaoni kama nilivyozoea, faili likaja na mkia wa .exe, kila nikilibofya halifunguki. Nimekosea wapi, na nianze na programu zipi?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Faili la .exe limetengenezwa kwa Windows, na hapo ulipo sasa hulihitaji. Ile desturi ya kuzunguka kwenye tovuti kutafuta kitufe cha kushusha iache kabisa, maana ndiyo inayowaingiza watu kwenye programu bandia. Mint ina ghala lake, Software Manager, limo ndani ya menyu. Andika vlc kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Install, tia neno la siri, imekwisha. Kila unachokichukua humo husasishwa pamoja na mfumo wenyewe kupitia Update Manager, na Mint 22 itaendelea kupata masasisho hadi 2029.

Ukipenda kuandika amri, fungua Terminal uandike:

sudo apt update
sudo apt install vlc

Unapoandika neno la siri hapo huoni hata nukta moja. Kibodi haijafa, andika hadi mwisho ubonyeze Enter. Ukiambiwa "Unable to locate package", ama umekosea herufi za jina ama umeruka ule mstari wa kwanza. Ukiona "Could not get lock", kuna programu nyengine inayosakinisha wakati huo huo, mara nyingi Update Manager. Isubiri imalize. Usizime kompyuta katikati, kwani usakinishaji uliokatika huacha vifurushi (mafaili ya programu) nusu nusu.

Kuhusu za kuanzia, tazama kwanza vilivyomo. LibreOffice imo kwa barua, jedwali za alama na slaidi. Firefox imo, Thunderbird ya barua pepe imo, na Xreader ya kusomea PDF imo. Ongeza VLC kwa video na sauti, na PDF Arranger ya kuunganisha, kupanga na kuzungusha kurasa za mitihani uliyoiskani. GIMP ni programu kubwa ya picha na tunaipenda, lakini kwa RAM 4 GB usiikimbilie. Kukata na kupunguza picha tu, Pix iliyomo inatosha. Kisha ijue Warpinator, nayo imo tayari: inapeleka mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyengine zilizo kwenye Wi-Fi moja, bila kugusa bando. Kwa chumba cha walimu chenye laptopu tatu nne za Mint, hiyo peke yake ni faraja kubwa.

SUALI: Nina steshenari Mlandege. Wateja wananiletea barua za Word kwenye flashi. Nikizifungua kwa LibreOffice, barua ya kurasa mbili inakuwa tatu, saini inaruka ukurasa wa peke yake. Nirudi Windows?

JAWABU: Usirudi bado. Mara nyingi kinachoharibu ni fonti, yaani aina ya herufi, si LibreOffice. Barua imeandikwa kwa Calibri, wewe huna Calibri, kwa hivyo kompyuta imeweka fonti nyengine yenye herufi pana zaidi. Mstari uliokuwa ukiishia pembeni unavunjika, mistari inaongezeka, saini inasukumwa chini.

Ipime hivi: weka kishale ndani ya maneno, kisha tazama kisanduku cha jina la fonti juu. Jina likiwa limeandikwa kwa herufi za mlazo, fonti hiyo haimo kwenye kompyuta yako. Dawa yake:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Carlito ina upana wa herufi sawasawa na Calibri, na Caladea sawasawa na Cambria. Funga LibreOffice, ifungue tena, barua irudi kurasa mbili. Jina la Calibri litabaki kwenye kisanduku, na liache hivyo hivyo; mteja akiifungua barua kwake ataikuta Calibri yake. Kwa Arial na Times New Roman zipo fonti za Liberation, ambazo kwa kawaida zimo tayari.

Kuna fonti itakayokusumbua: Aptos, inayokuja na Word za karibuni. Haina ndugu wa upana sawa ndani ya vifurushi hivi. Mteja anayetaka kuchapa tu mwambie alete PDF. Anayetaka kurekebishiwa, mwambie mapema kwamba mistari inaweza kuhama, ukague kila ukurasa naye kabla ya kutoa kopi.

Jambo la pili ni kuhifadhi. LibreOffice huhifadhi kwa .odt usipoielekeza vyengine, na mteja akifika nyumbani analalamika. Nenda Tools, Options, Load/Save, General. Kwenye "Always save as" chagua Word. Hapo hapo shusha muda wa AutoRecovery (kujihifadhi kwa faili) kutoka dakika 10 hadi 2, kwa sababu ya umeme kukatika. Faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) usiliahidi: baadhi zinafanya kazi, baadhi hazifanyi.

SUALI: Nafundisha madrasa Wete. Natayarisha karatasi zenye Kiarabu na Kiswahili. Kiarabu nakipeleka kulia, lakini nukta na mabano vinakwenda upande usio wake. Nifanyeje?

JAWABU: Ustadh, kupeleka maandishi kulia ni jambo moja, na mwelekeo wa aya ni jengine. Kitufe cha kupanga kulia kinasogeza mstari tu. Kompyuta bado inaihesabu aya kuwa inaanzia kushoto, ndiyo maana nukta ya mwisho inaruka. Katika Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, nenda Tools, Options, Languages and Locales, General, utie alama kwenye Complex text layout, uchague Arabic. Vitatokea vitufe viwili vipya vya mwelekeo kwenye upau wa juu. Weka kishale ndani ya aya ya Kiarabu, bonyeza cha kulia kwenda kushoto. Nukta itakwenda mahali pake.

Kibodi: fungua Keyboard kwenye menyu, sehemu ya Layouts, ongeza Arabic. Fonti tunayoipendekeza ni Amiri, iliyofuata naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Cairo. Harakat zake zinakaa vizuri:

sudo apt install fonts-hosny-amiri

Ukibadilisha mtindo wa aya, utaona Writer inatenga fonti ya Kilatini na fonti ya CTL (yaani Complex text layout). Kiarabu kinafuata hiyo ya pili. Weka Amiri ukubwa wa 18 huku Kiswahili kikibaki 12. Nafasi ya mistari iwe Proportional, 130 hadi 150 kwa mia. Ukiiweka Fixed, shadda na fatha za juu zinakatwa kichwa, na maandishi ya Qur'ani hayafai kutoka hivyo.

Kwa tahajia ya Kiswahili tia hunspell-sw kwa amri ile ile, kisha bofya jina la lugha chini ya dirisha uchague Swahili (Tanzania). Neno la kwetu likipigiwa mstari mwekundu, bofya kulia uliongeze kwenye kamusi, usilibadilishe kwa ajili ya kuiridhisha kompyuta.

SUALI: Niko Mkoani. Nilitia programu moja tu, bando la wiki likaisha. Kwa nini?

JAWABU: Yumkini ulichagua Flatpak, namna nyengine ya kufungasha programu. Flatpak ya kwanza huja na msingi wake mzima, mamia ya megabaiti. Kwenye Software Manager, programu ikiwepo kwa namna mbili, chagua System Package.

Mkiwa wawili wenye Mint ya toleo moja, shusheni mara moja tu:

sudo apt-get install --download-only vlc

Mafaili yatakaa /var/cache/apt/archives. Nakili yale ya .deb kwenye folda tupu ya flashi. Kwenye kompyuta ya pili fungua folda hiyo, bofya kulia, Open in Terminal, uandike:

sudo apt install ./*.deb

Ikidai kifurushi kisichokuwemo, ni kwa sababu kompyuta ya kwanza ilikuwa nacho tayari, haikukishusha. Washa intaneti kidogo tu, rudia amri hiyo hiyo, itavuta kilichopungua peke yake.