Kuzima mashine pepe moja kunakwamisha seva nzima

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naendesha mashine pepe zilizosimbwa za SEV (teknolojia ya AMD ya kusimba kumbukumbu ya kila mashine) juu ya KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, kwenye seva yenye prosesa ya AMD EPYC 7763. Nikizima moja, nyingine zote hukwama kidogo, ingawa kila moja ina kumbukumbu yake. Kwa nini?

Jibu: Nzuri, ndugu. Kinachokukwamisha ni kashe ya prosesa, yaani kumbukumbu yake ndogo ya kasi inayohifadhi nakala za data ya RAM. Mashine pepe ikizimwa, kurasa zake za kumbukumbu hupewa mpangaji mwingine. Ikiwa data yake iliyosimbwa bado imelala kwenye kashe, inaweza kuandikwa baadaye juu ya data ya huyo mgeni. Prosesa mpya huzuia hilo baina ya viini vyenyewe, lakini si kwa vifaa vya DMA, yaani vinavyosoma na kuandika RAM moja kwa moja. Kwa hiyo KVM hutoa amri ya WBINVD: andika kila kilichobadilika, kisha futa kashe yote. Kerneli za zamani huituma kwenye viini vyote 64, na jirani asiyehusika hujikuta akisoma kila kitu upya kutoka RAM.

Tafadhali usitafute njia ya kuzima usafishaji huo. Kukosekana kwake ndiko kulikoleta udhaifu wa kiusalama wa CVE-2022-0171, ambapo mtumiaji wa kawaida aliweza kuangusha seva nzima.

Hamia Linux 6.17 au zaidi. Humo KVM husafisha tu viini ambavyo mashine hiyo imewahi kukanyaga, tena kwa WBNOINVD, inayoandika data bila kuifuta kwenye kashe. Hakikisha prosesa yako inayo:

grep -m1 -o wbnoinvd /proc/cpuinfo

Lakini angalia neno "imewahi". KVM huweka alama kwa kila kiini ambacho mashine imepita, na alama hiyo haifutwi mashine ikihamia kiini kingine. Ukiiacha izurure, baada ya muda itakuwa imepita kote, nawe umerudi ulikoanzia. Kwa hiyo ifunge mapema kwenye viini vyake, ndani ya XML ya libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe):

<vcpupin vcpu='0' cpuset='8'/>

Kutumia amri ya libvirt ya virsh vcpupin wakati mashine imeshawaka ni kuchelewa. Kwenye 7763, kila viini 8 vinashiriki kashe ya L3 ya MB 32. Ukiipa mashine kundi zima, usafishaji utaishia humo humo.

Na kama mikwamo hutokea hata bila kuzima chochote, jaribu mpangilio wa kernel.numa_balancing=0, unaozuia Linux kuhamisha yenyewe kurasa za kumbukumbu karibu na viini vinavyozitumia. Uhamishaji huo wa kurasa nao unaweza kuamsha usafishaji, na mashine uliyokwisha kuifunga kwenye viini vyake haina haja nao.