Nyumba imejaa vitu, mtaji hakuna

Swali: Shikamoo anti. Mimi ni mtumishi, tulihamishiwa Dodoma na ofisi kutoka Dar, tumepanga Ilazo vyumba viwili na sebule, tupo mimi, baba watoto, watoto wawili na dada wa kazi. Nyumba imejaa anti, yani tulihama na kila kitu, kabati la vyombo, sofa seti mbili, dresing tebo, sare za harusi za watu zimejaa mabegi mpaka uvunguni. Sasa nataka nianze biashara ya siagi ya karanga maana ofisini wanaipenda sana na mkate, ila mtaji sina na pa kufanyia sina. Rafiki yangu kaniambia nikope kwa wale wa mikopo ya chapchap ninunue mashine ya kusagia. Mshahara wenyewe ukifika tarehe kumi na tano umeisha. Nishauri. — *Mama Wawili, Ilazo*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na mashine kabla hujaenda kusaini makaratasi ya watu: usinunue, na huo mkopo achana nao. Mtaani wanaiita kausha damu na jina halikuja bure, marejesho yanaanza wiki ijayo wakati wewe hata chupa moja hujauza, kwa hiyo utarejesha kwa mshahara, mshahara ambao umesema mwenyewe hauvuki tarehe kumi na tano, halafu siku ukichelewa wanakuja kubeba friji. Mtu anayeanza anasagisha kwa mwenye mashine. Unakaanga nyumbani, unatoa maganda, unapepeta, unapeleka na ndoo yako safi yenye mfuniko, unalipa kwa kilo unaondoka. Ila muulize kwanza asubuhi hiyo kasaga nini, maana karanga zikipita kwenye mashine iliyotoka kusaga pilipili wateja wako watakukumbuka kwa ubaya.

Tena sisi wa kanda hii somo la mashine na karanga tulishapewa zamani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta Kongwa hapo wakitaka kulima karanga mashamba makubwa, wakafyeka mapori wee, ndio baadaye wakagundua kiangazi udongo unakuwa mgumu kama tofali na mvua yenyewe ni ya kubahatisha, mwaka 1951 mradi ukafungwa na mamilioni ya pauni yameshateketea. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia bure.

Haya tuje nyumbani. Unasema mtaji huna na nafasi huna, mimi nasoma barua yako naona vyote viwili vimekaliwa na sofa. Seti moja inatosha, uza ile nyingine. Uza kabati la vyombo pamoja na ile seti ya vyombo vya wageni, kwani mgeni wa mwisho kula wali ndani yake ni nani, si tunawapa sahani zilezile za kila siku tu, na kwa vumbi la Dodoma hivi kila Jumamosi dada anafuta glasi ambazo hakuna anayezinywea. Dresing tebo kioo kining'inize ukutani, meza iende. Lakini mwambie baba watoto kwanza, asije akarudi kazini akakuta hana pa kukaa ukaanza biashara na ugomvi.

Kuuza vitu vilivyotumika kuna ujanja wake. Futa vumbi, toa nje kwenye mwanga, piga picha, sema ukweli kama mguu mmoja umetengenezwa, na andika bei. Wale wanaoandika "njoo inbox bei maelewano" wanajichosha, mtu anataka kujua kama hela yake inatosha kabla hajakusumbua. Weka stetasi na kwenye magroup ya wasap ya mtaa na ya ofisi kipindi cha mshahara, usiweke tarehe ishirini watu wamekauka. Na mji wetu huu wateja wapo, tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 watu wanaingia kila siku, kijana kapangiwa kituo kipya hana hata kiti. Sare za harusi usizihesabu kama mtaji, hazina bei, zile zenye majina ya maharusi ndio kabisa. Mpelekee fundi vitambaa viwili vitatu akushonee aproni na vitambaa vya kufungia kichwa kwa kazi yako, nyingine gawa. Usiuze sufuria kubwa, ndoo zenye mifuniko, ungo na jiko la gesi, hivyo ndio kiwanda chenyewe.

Hela ikipatikana isiingie kwenye laini unayonunulia luku, itapotea hujaiona. Laini nyingine kabisa, yenye lipa namba yake.

Sasa hesabu, hapa ndipo wengi wanakula mtaji huku wanacheka. Bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za siku utakayokwenda soko la Majengo. Tuseme umenunua karanga kilo 10 kwa 3,500 kila kilo, ni 35,000. Ukishakaanga, ukatoa maganda na mbovu, hutabaki na 10, tuseme 8.5, hizo ni chupa 17 za nusu kilo. Kusaga kwa 500 kila kilo ni 4,250, chupa kwa 400 ni 6,800, gesi weka 3,000, boda kwenda na kurudi 4,000. Jumla 53,050, yani kila chupa imekula kama 3,120 kabla hujajilipa hata mia. Ukiuza 4,500 unabaki na 23,450. Lakini mtu asiyeandika anasema kilo 10 ni chupa 20, karanga 35,000 gawa kwa 20 ni 1,750, ngoja niuze 2,500 niwe na bei nzuri, anauza zote anapata 42,500, anashangaa mbona hela ya mzigo mpya haitoshi. Ameshapoteza zaidi ya elfu kumi na wateja wanamsifia bei!

Kwenye kuchagua karanga usimwachie dada peke yake. Zimwage kwenye ungo mchana, kaa nazo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu. Ukungu ndio unaleta sumukuvu, na mwaka 2016 hapahapa Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo zinashambuliwa vilevile. Kukaanga hakuiondoi. Na zile ulizozitoa usiwamwagie kuku, tupa. Gunia likija lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta, weka juu ya mbao. Mvua zetu ni msimu mmoja kwa hiyo karanga mpya zikianza kuingia sokoni baada ya mavuno ndio bei inashuka, hapo ndipo utashukuru ile nafasi ya sofa.

Anza na oda za ofisini, kilo kumi zikiisha ndio nunua nyingine. Chupa chukua dazeni mbili, usije ukaleta katoni za chupa tupu kisa bei ya jumla, utakuwa umetoa makorokoro ya Dar umeingiza ya biashara. Wafanyakazi wenzio watataka wachukue walipe mwisho wa mwezi, mimi kwa miezi ya mwanzo nisingekopesha mtu, hata bosi. Wakiongezeka wateja ukaona sasa unataka kuingia madukani, nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze habari za vifungashio na nembo ya ubora ya TBS. Siyo leo.

Kuhusu mshahara kuisha, sina haja ya kukuhubiria. Angalia meseji za miamala ya mwezi uliopita kwenye simu yako, soma moja moja, utakuta boda, chipsi za watoto na michango. Mchango wa harusi toa unachoweza, sare usinunue, kama kuna atakayenuna atanuna tu hata ungenunua.

Swali: Mambo anti, nipo UDOM mwaka wa pili, nakaa geto na mshkaji. Nataka bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likiingia niende nalo Kariakoo, siku hizi kwa treni ya SGR unaenda na kurudi fasta, nilete raba na tisheti niuzie wanachuo. Ni mchongo au nitapigwa? — *Kijana wa Geto*

Jibu: Mchongo upo ila siyo kwa bumu lote, hilo ni la kula. Kwanza toa kodi na chakula mpaka bumu lijalo, kinachobaki ndio mtaji hata kikiwa kidogo. Nauli ya Dar kwa raba chache inameza faida yote, kwa hiyo anzia mitumba ya Sabasaba, amka mapema siku wanafungua mzigo, chagua pea chache kali, zifue, badilisha kamba, piga picha. Au mtafute mwenye duka mjini akupe mali kauli, ukiuza unampelekea chake, ukishindwa unarudisha mzigo mzima. Ila mali kauli inataka uaminifu, ukimla mara moja habari zinafika mtaa mzima. Mzigo usizidi unaoingia uvunguni mwa kitanda chako, na mshkaji wako asianze kuvaa bidhaa.

Swali: Mhariri, mke wangu anafuga madumu. Nimehesabu jikoni, nyuma ya mlango na uani, yapo kila mahali, nikisema tuyatoe ananuna. Hiyo siyo uchafu? — *Baba Msafi, Nkuhungu*

Jibu: Shemeji, maji kwenu yanatoka siku ngapi kwa wiki? Yale yaliyopasuka na yaliyopoteza vifuniko muuzieni wa skrepa wa plastiki, mazima yaacheni. Kama unataka uani papendeze, changa ununue tenki la maji, simtank, na siku litakapofika mke wako atayatoa madumu mwenyewe.