Swali la lugha: Je, korongo wana koloni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Mwanafunzi wangu ameandika kwenye insha: "Koloni la korongo liko juu ya migunga karibu na ziwa." Nikaona kama kuna kasoro, ila nikashindwa kuitaja. Mahali ndege hawa wanapotaga kwa pamoja paitweje?

JIBU: Mwalimu, sikio lako halikukudanganya. Wanabiolojia hulitumia neno koloni, na sina ugomvi nao. Lakini msomaji wa kawaida akilikuta hukumbuka somo la historia. Mimi mwenyewe nilimwona gavana mwenye mdomo mrefu.

"Kundi" nalo halitoshi. Kundi la yangeyange utalikuta asubuhi malishoni, likifuata ng'ombe na kudaka panzi wanaoruka kwato zikikanyaga nyasi. Jioni linarudi kulala. Mwanafunzi wako hasemi juu ya kundi, anasema juu ya mahali: miti ile ile karibu na maji, ambayo ndege huirudia msimu baada ya msimu, viota vimebanana tawi kwa tawi, hata kinyesi kikawa kinaikausha.

Neno la mahali kama hapo tayari liko vinywani mwa watu. Maofisa wa afya husema "mazalia ya mbu", na wavuvi "mazalia ya samaki". Kwa nini tusiseme mazalia ya ndege? Atatokea mbishi aseme ndege hazai, anataga. Na mbu je? Neno limetoka kwenye zaa, likapita zalia, yaani kuzaa mahali fulani. Linganisha: chinja, chinjia, machinjio; kwa hiyo tungetarajia mazalio, na wapo wanaosema hivyo. Mazalia ndiyo niliyoyasikia zaidi, nami nafuata wengi. Angalia tu upatanisho: mazalia haya, si mazalia hizi.

Usiyachanganye na malalo. Malalo ni pa kulala, hata wakati hakuna yai wala kinda.

Sasa hilo "korongo". Hapa kuna mtego mdogo unaonifurahisha. Korongo ni ndege, na korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, kama Korongo la Olduvai. Upatanisho ndio unaotuokoa: korongo huyu ameruka, korongo hili limejaa maji. Tena jina lenyewe ni pana mno. Watu huwaita hivyo karibu ndege wote wenye miguu mirefu. Kiswahili kina kulastara, kina yangeyange yule mweupe wa ng'ombe. Na mazalia ya huko kwenu si ya jamii moja: mnandi, kwarara na domomwiko nao hujenga humo humo. Mtoto akijua jina, alitumie. Asipojua, "ndege wa majini" inatosha.

Kuhusu nyumba yenyewe, kiota ndilo neno. Tundu nalo limo kwenye kamusi, lakini wengi wakilisikia hufikiria shimo, au kizimba cha kasuku. Vitenzi vyake navyo vina mpangilio: ndege hutaga, huatamia (wengine husema hulalia mayai), kisha huangua, ndipo tunapata makinda. "Ndege amezaa" nimeisikia hata redioni, na kila mara nikazima.

Sentensi ya mtoto ningeiandika hivi: "Mazalia ya yangeyange yako juu ya migunga karibu na ziwa, na makinda wanapiga kelele kutwa." Alama zake mpe zote. Hiyo koloni izungushie duara, kwa penseli tu.