Siku "a" zilipotuishia

Juzi kijana mmoja wa Urambo aliona kalenda niliyoipanga maandishi yake, akaniandikia: "Kaka, unatumia programu gani?" Nilimtajia. Lakini ile kalenda haikutoka kwenye programu. Ilitoka kwenye chumba cha uani hapa Tabora, kwa mzee mchapaji aliyekuwa akipanga kwa mkono herufi za risasi, yaani vipande vya madini ya risasi, kila kimoja na herufi yake.

Herufi ya risasi imekaa kinyume, kama uionavyo kwenye kioo, na ubavuni ina kijifereji. Kidole gumba kikikigusa, unajua imesimama sawa bila kuitazama. Mzee alinipa b, d na p nizitofautishe. Miezi miwili sikugusa wino.

Kisha zikaja kadi za harusi. Katikati ya kazi, "a" zikaisha. Seti ile ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza kinakula "e" kuliko herufi zote. Sisi je? "Tunayo furaha kukualika" ina "a" tano, "e" hata moja. Nikashauri tufupishe jina la babu wa bibi harusi. Mzee akaweka miwani chini. "Mwanangu, jina la mtu halikatwi." Tukachapa mistari ya juu kwenye kadi zote, tukaibomoa, tukapanga ya chini kwa "a" zile zile, tukapitisha kadi mashineni mara ya pili. Kulipokucha mistari ilikuwa imekaa sawa utadhani imechapwa mara moja. Hata leo najivunia usiku ule.

Mzee alifariki nikiwa Dar es Salaam natafuta maisha. Niliporudi, herufi zote zilikuwa zimeuzwa kwa kilo. Niliambiwa zimeyeyushwa Kigoma, zimekuwa vizito vya nyavu. Hakuna aliyenipigia simu. Ningekopa, ningezinunua zote.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kufika mbali katika kazi hii ya kupanga maandishi, nisikilizeni. Chapeni kwenye karatasi kabla ya kumtumia mteja. Geuzeni karatasi juu chini. Jicho likishindwa kusoma maneno, ndipo linapoona nafasi zilizokaa vibaya. Majina ya watu yasomeni kwa sauti, herufi kwa herufi. Narudia: chapeni kwenye karatasi! Simu inaficha makosa.

Na wewe wa Urambo, ukipanda basi kuja mjini, njoo na kazi yako moja iliyochapwa. Tutaigeuza juu chini pamoja.