Maswali ya Wasomaji: Bastola yenye herufi “fnh” ilitengenezwa wapi?

SWALI: Ninaishi Leipzig, Ujerumani. Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu babu wa mume wangu, tulikuta ndani ya kasha bastola ndogo nyeusi ya kutia mfukoni. Ubavuni imeandikwa “fnh” na “Pistole Modell 27 Kal. 7,65”, na pia kuna chapa ndogo ya tai yenye WaA76. Wakwe zangu wanasema ni ya Kijerumani, lakini jina la kiwanda hatulioni. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yetu, kwanza tunakusihi msiishike tena, kwa maana hata magazini (kifuko cha chuma kinachobeba risasi) ikitolewa, risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu. Wapigieni polisi simu waje kuichukua, wala msiipeleke wenyewe, kwa kuwa sheria ya Ujerumani humtaka anayekuta silaha katika mali ya marehemu aarifu mamlaka bila kuchelewa.

Tukirudi kwenye swali lako, maandishi ni ya Kijerumani, lakini bastola yenyewe ni ya Chekoslovakia. Jina lake ni CZ 27, na aliyeibuni ni František Myška, ambaye aliirahisisha bastola ya CZ 24 iliyotumia risasi nzito zaidi, akaifanya itumie risasi za milimita 7.65 (mkato unaouona kati ya 7 na 65 ni nukta ya desimali kwa uandishi wa Kijerumani). Ilitengenezwa na kampuni ya Česká zbrojovka katika mji wa Strakonice. Wajerumani walipoingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, tarehe 15 Machi 1939, kiwanda hicho kiliwekwa chini yao, na bastola zikaanza kuandikwa jina la kampuni kwa Kijerumani, yaani Böhmische Waffenfabrik. Baadaye jina hilo nalo likaondolewa na mahali pake zikawekwa herufi za siri “fnh”, ili adui anayeiokota silaha vitani asijue imetoka kiwanda gani. Ndiyo sababu hamkuliona.

Namba 27 isiwapoteze: ni jina la muundo, si mwaka ambao bastola yenu ilitengenezwa. Chapa ya tai yenye WaA76 ni muhuri wa wakaguzi wa idara ya silaha ya jeshi la Ujerumani, na ikiambatana na “fnh” inaonyesha kwamba bastola hiyo ilitengenezwa wakati wa vita, kabla ya Mei 1945, kwa ajili ya jeshi hilo.