Maswali ya Wasomaji: Ploti Iliyoshika Mkia Ikapindua Matokeo

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Tunatafuta ploti ya kuweka mtambo wa kupoza maziwa. Kamati ilikubali kupima mambo mawili tu, ikaupa umbali wa wastani kutoka kwa wafugaji uzito wa 60 na bei uzito wa 40. Ploti ya kwanza inauzwa shilingi milioni 1.2 na iko kilomita 3. Ya pili ni shilingi 900,000 na iko kilomita 5. Kijana wetu wa hesabu aliingiza haya yote kwenye lahajedwali na ploti ya kwanza ikashinda kwa alama 60 dhidi ya 40. Baadaye dalali akaleta ploti ya tatu, ya shilingi milioni 1 na kilomita 11, ambayo hakuna aliyeitaka. Tulipoiongeza ili tu iwe kwenye kumbukumbu, ploti ya pili iliruka hadi 85, ya kwanza ikabaki na 60 zake. Sasa wanachama wanadai kwamba hesabu ilichezewa. Je, kompyuta yaweza kudanganya? Tena hati ya hiyo ploti ya tatu, dalali anasema iko njiani. Tuipe alama ngapi?

JIBU: Ndugu Katibu, kijana wenu hana hatia, na nimeirudia hesabu yake kwa kalamu nikapata yale yale. Kwa kuwa shilingi haziwezi kujumlishwa na kilomita, lahajedwali yenu kwanza hugeuza kila kipimo kiwe namba kati ya 0 na 1: ploti iliyo bora kwa kigezo fulani hupewa 1, iliyo duni kuliko zote hupewa 0, na iliyo katikati hupewa sehemu kulingana na mahali ilipoangukia. Mlipokuwa na ploti mbili, ile ya kilomita 5 ndiyo iliyokuwa mbali zaidi, kwa hivyo ikapata sifuri ya umbali. Ilipoingia ya kilomita 11, sifuri ilihamia huko, na zile kilomita 5 zikawa si mbali tena, kwani ni robo tu ya mwendo kutoka 3 hadi 11, zikapewa 0.75. Zidisha kwa 60 upate 45, ongeza 40 za bei, na hapo ndipo 85 zilipotoka.

Kosa limo katika ile 60 yenyewe. Kamati iliposema kwamba umbali una uzito wa 60 na bei 40, ilidhani imesema jambo kamili, ilhali uzito usiotajiwa tofauti inayopimwa hauna maana yoyote. Siku ya kwanza, 60 ilikuwa thamani ya kuokoa kilomita 2, na 40 ilikuwa thamani ya kuokoa shilingi 300,000. Siku ya pili, ile ile 60 ikawa thamani ya kuokoa kilomita 8, na hakuna mtu mkutanoni aliyeulizwa kama amekubali kila kilomita ishushwe thamani hadi robo. Namba ilibaki ile ile kwenye skrini. Kilichobadilika ni kitu ambacho namba ilikuwa ikikipima. Kama mngetaka kushikilia msimamo wenu wa siku ya kwanza, basi zile 60 zingezidishwa mara nne ziwe 240 dhidi ya 40 za bei; zikirudishwa kwenye jumla ya 100, uzito wa umbali ungepanda hadi karibu 86 na wa bei ushuke hadi 14, na matokeo yangekuwa karibu 86 kwa ploti ya kwanza, 79 kwa ya pili na 10 kwa ya tatu. Mpangilio haungepinduka.

Kwa hiyo msiwaulize wanachama ni kipi muhimu zaidi kati ya bei na umbali, kwa sababu kila mtu atajibu kwa heshima na hakuna atakayekuwa amesema lolote. Waulizeni kwa shilingi. Uzito wenu wa 60 kwa 40 unadai kwamba kilomita 2 zina thamani ya shilingi 450,000. Lisomeni hilo kwa sauti kwenye mkutano mkuu, kisha mumsikilize yule anayefunga madebe kwenye baiskeli alfajiri ya masika, barabara ikiwa tope, na pia yule mwenye ng'ombe mmoja ambaye mchango wake wa ununuzi utamuumiza zaidi kuliko mwendo. Mkifanya hivyo mtagundua kwamba uamuzi wote umesimama juu ya swali moja. Ikiwa kilomita 2 zina thamani ya zaidi ya shilingi 300,000 kwenu, chukueni ploti ya kwanza. Zikiwa chini ya hapo, ya pili. Kazi nzuri kabisa ya programu hizi ni kuutafuta mpaka wa namna hiyo: unasogeza uzito kidogo kidogo na kutazama ni wapi mshindi anapobadilika. Binafsi huuamini mpaka huo kuliko alama za mwisho, hata zikiandikwa kwa desimali nne.

Kuhusu hati, msiipe alama hata moja. Kujumlisha alama ni kuruhusu uzuri wa hapa ufidie ubaya wa pale, na ardhi isiyo na hati haifidiwi na bei nafuu. Fanyeni upekuzi kwenye afisi ya ardhi kwanza. Ploti isiyopita mlango huo isiingie kwenye lahajedwali kabisa. Hata mbinu za kuchagua kwa vigezo vingi ziitwazo ELECTRE, zilizoasisiwa na Mfaransa Bernard Roy katika miaka ya 1960, hukipa kigezo kimoja nguvu kama ya kura ya turufu, ili chaguo lenye kasoro kubwa lisipite kwa wingi wa alama zake nyingine. Mngalianzia hapo, ploti ya tatu isingalipata nafasi ya kuwagombanisha.

SWALI: Nanunua samaki Dunga, Kisumu, na kuwapeleka Nairobi. Ili kuchagua msafirishaji, nilitumia programu inayolinganisha vigezo viwili viwili. Nilijibu kwamba ubichi wa samaki unaizidi gharama mara 3, gharama inauzidi uhakika wa kufika kwa wakati mara 3, na ubichi na uhakika ni sawa. Programu ikanionya kwa rangi nyekundu: 0.48. Nimekosea wapi?

JIBU: Mbinu uliyotumia iliundwa na Thomas Saaty, Mmarekani, katika miaka ya 1970, nayo hulinganisha vitu kwa kipimo cha 1 hadi 9. Uzuri wake ni kwamba hukagua kama majibu yako yanapatana, na Saaty alipendekeza kiwango cha kutopatana kisizidi 0.10. Kama ubichi ni mara 3 ya gharama, na gharama ni mara 3 ya uhakika, ubichi ulipaswa kuuzidi uhakika mara 9. Wewe umesema ni sawa. Programu haidai ukamilifu, kwani hata ungejibu 5 badala ya 9, kiwango kingeshuka hadi karibu 0.03 na ungeruhusiwa kuendelea. Hata hivyo, usibadilishe namba kwa ajili ya kuifuta rangi nyekundu tu. (Vigezo vikiwa 8, ulinganisho hufika 28, na mtu aliyechoka hubofya chochote ili amalize.)

Nashuku jambo dogo zaidi. Programu hizi huweka kigezo kimoja kushoto na kingine kulia, na namba 3 ipo pande zote mbili. Mfanyabiashara wa samaki anayeona uhakika wa kufika ni sawa na ubichi hawezi kuwa anaona gharama inauzidi uhakika. Samaki akichelewa ameoza. Rudi kwenye ulinganisho wa pili, ubofye 3 iliyo upande wa uhakika, na kiwango kitashuka hadi 0.