Babu kwenye picha: alikuwa Keya kweli?

Swali: Shikamoo mzee. Nina picha ya babu mzaa baba, amevaa kaki na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, nyuma imeandikwa 1943. Nimeipitisha kwenye programu ya kusafisha picha, ikatokea beji ya simba kwenye kofia na rangi za utepe kifuani. Jamaa mmoja kaniambia huyo ni KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ndio hao Keya) aliyepigana Burma Vita vya Pili vya Dunia, nikimpa elfu themanini atanitafutia batalioni yake na fomu ya fidia kutoka Uingereza. Shangazi mkubwa yeye anakumbuka tu kwamba babu alijifunzia gari jeshini. Nimekutumia picha zote mbili, ya mwanzo na iliyosafishwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo elfu themanini baki nayo, halafu hiyo picha iliyosafishwa iweke pembeni kabisa, maana ndiyo iliyokupoteza.

Nimezilaza zote mbili sambamba kwenye skrini. Kwenye ya mwanzo pale mbele ya kofia pana doa jeupe tu, kubwa kama punje ya mchele, halina umbo lolote. Kwenye hiyo ya programu doa limegeuka simba mwenye nywele na chini yake vitu vinafanana na herufi lakini ukijaribu kuvisoma sio herufi za lugha yoyote. Yule simba hakuwahi kuwepo. Programu haisafishi kitu, inabuni, inaona doa inajaza kile ilichozoea kukiona kwenye picha nyingine za wanajeshi, na alama inayojulikana ya KAR wala sio simba, ni baragumu. Kila mwezi naletewa picha za namna hii na watu wanakuja wameshaamini, wengine wameshachapisha kubwa wametundika sebuleni, na nikiwaambia wanakasirika. Mbaya zaidi wapo wanaotupa ile ya zamani kwa sababu "imechakaa". Ile iliyochakaa ndiyo ushahidi!

Rangi za utepe nazo ni hivyo hivyo. Filamu nyingi za studio enzi hizo hazikuona rangi nyekundu, nyekundu ilitoka nyeusi na bluu ikatoka nyeupe nyeupe, sasa programu itajuaje? Utepe wa Burma Star, nishani ya waliopigana Burma, una nyekundu pana katikati, pembeni bluu iliyokoza yenye mstari wa chungwa, wako umepakwa kijani. Na hiyo nishani ilianzishwa mwaka 1945. Kama picha ni ya 1943 kweli basi haiwezi kuwepo pale kifuani, vyovyote atakavyosema huyo jamaa.

Ila hata hiyo 1943 usiishike kwa nguvu. Nimevuta karibu maandishi ya nyuma, yanaonekana ya kalamu ya biki, unene mmoja mwanzo mwisho. Kalamu za hivyo zilikuja kusambaa baada ya vita kwisha, kwa hiyo aliyeandika aliandika baadaye kwa kukumbuka, pengine ni baba yako. Anaweza kuwa sahihi, lakini ni kumbukumbu, sio tarehe ya siku ya picha.

Sasa kofia. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, mtu akiona kofia imekunjwa upande basi Burma, akiona tarbushi basi askari wa Mjerumani. Kofia zile walivaa Keya kwenye vita vya Mtaliano kule Uhabeshi mwaka 1941 kabla hata ya kupelekwa Burma, na walivaa mapayonia wachimba barabara, na madereva pia. Tarbushi ndio kabisa, Keya walivaa, polisi walivaa, na askari wa Mjerumani wao walikuwa na tai wa chuma mbele, kwa hiyo bila kumwona huyo tai usiseme kitu. Watu wamesahau kwamba Vita vya Pili viliandikisha zaidi ya robo milioni ya watu Afrika Mashariki na wengi wao hawakuwa Keya. Walikuwepo wa mizinga, wa simu, wa vibarua vya jeshi, wapishi, wauguzi. Sio aibu, bila wao hakuna Keya aliyekula wala kupata risasi. Hata Idi Amin ilisemwa sana kwamba alipigana Burma, kumbe kumbukumbu zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, vita imeshaisha.

Angalia bega la kushoto la babu kwenye picha ya mwanzo. Pana kipande cha chuma kinang'aa, ni kirefu. KAR ni herufi tatu, kipande kinakuwa kifupi. Mimi nahesabu herufi tano, E ya kwanza naiona na ya mwisho imepinda kama C. EAASC ndio walikuwa kikosi cha usafirishaji na mahitaji, wenye malori. Na shangazi yako kashakuambia babu alijifunzia gari jeshini! Mmelipita hilo neno kama hadithi ya mzee, wakati ndilo lenye uzito kuliko kofia. Siapi, skani yako ya simu ni hafifu. Iskani upya kwa mashine, 1200 dpi, pande zote mbili, bila kuigusa rangi, unirushie bega peke yake.

Huyo jamaa hawezi kupata batalioni kutokana na sura. Hakuna daftari linalotafutwa kwa uso wa mtu, linatafutwa kwa namba ya jeshi na jina kama lilivyoandikwa na karani wa wakati ule, ambalo mara nyingi limekosewa au ni jina la baba yake. Medali nazo, zile za Vita vya Kwanza Waingereza waliandika jina na namba ukingoni, za Vita vya Pili walizowapa watu wetu hazikuandikwa kitu, kwa hiyo ukiuziwa medali "ya babu" mtandaoni hakuna kinachoonyesha ilikuwa ya nani. Na fomu ya fidia ya wajukuu, miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mjukuu hata mmoja aliyelipwa kwa picha, nimeona tu familia zilizouza mbuzi kumlipa broka. Wengine wamewapa hadi cheti halisi cha kumaliza jeshi, hakikurudi tena.

Hicho cheti ndicho cha kutafuta. Muulize shangazi sanduku la babu lilikwenda kwa nani baada ya msiba, na ndani kulikuwa na karatasi gani, leseni ya udereva, kitabu cha mshahara, barua yenye muhuri, chochote chenye namba. Muulize pia waliorudi naye kijijini waliitwa nani na babu alitaja bandari gani, Mombasa, ya Bukini (Madagaska), Colombo. Mrekodi kwenye simu akiongea mwenyewe, usimtajie Burma kabla, maana ukishaitaja ataikubali. Na picha usiitie laminesheni, itoe kwenye kioo taratibu ikiwa haijashika, ikishika iache hapo hapo na kioo chake uniletee hivyo hivyo.